Saa Iliyoundwa Ivaliwe Kila Siku

Mnunuzi wa saa ya kimakanika ya kifahari hachelewi kupewa ushauri wa kuilinda dhidi ya mkono wake mwenyewe. Asibandue utando wa plastiki wa kiwandani, aifungie kwenye sefu pamoja na boksi na karatasi zake, aitoe siku ya harusi au Idi, kisha airudishe upesi kabla haijapata mkwaruzo. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, na bei za leo zinaufanya usikike kama busara. Lakini historia ya saa hizo inausuta. Kasha lisiloingiza maji, chuma kisichoshika kutu, kamani inayojijaza yenyewe mkono unapotembea: karibu kila sifa inayotajwa dukani ilibuniwa kwa sababu kuna mtu aliyeivaa saa tangu asubuhi hadi usiku, ikamharibikia kazini, na fundi akalazimika kutafuta dawa. Ninachodai ni kwamba saa hii ilipata heshima yake kwa kuvaliwa kila siku, na anayeivaa hivyo ndiye anayeitendea haki.

Kuna jambo moja la kukubali mapema. Saa ilianza ikiwa pambo. Saa za kubeba mwilini zilizotengenezwa Ulaya katika karne ya 16 zilikuwa na akrabu moja tu, na mwendo wake haukuaminika; mwenye nayo alionyesha utajiri zaidi ya kujua wakati. Hata Geneva iliingia katika ufundi huu kwa mlango wa masonara. Mageuzi ya dini chini ya Jean Calvin yalipobana uvaaji wa vito, wafua dhahabu wa mji waliungana na Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, waliokuja na ujuzi wa saa, na mwaka 1601 mji ukawa na chama cha mafundi saa. Kwa hiyo anayesema saa ya kifahari ni kito cha siku maalumu ana wahenga wa kuwataja. Ila wahenga hao ni wa kabla ya 1675, mwaka ambao Christiaan Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alitangaza namna ya kuunganisha gurudumu la mizani na springi nyembamba iliyojiviringisha. Makosa ya saa yakapungua sana na akrabu ya dakika ikawa na maana. Tangu hapo mnunuzi alitaka saa imwambie ukweli, hata kama alitaka pia ing'ae.

Kuhamia mkononi kulichelewa, na kulisukumwa na kazi. Mwishoni mwa karne ya 19 saa ya mkono ilihesabiwa kuwa bangili ya kike. Mwanamume wa heshima alibeba ya mfukoni yenye mnyororo. Katika Vita vya Makaburu, Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, maofisa wa Kiingereza walizifunga saa zao za mfukoni kwenye mikanda ya ngozi, maana aliyeshika hatamu na darubini hana mkono wa kuchomolea saa. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea Alberto Santos-Dumont, Mbrazili aliyekuwa akiruka angani mjini Paris, saa ya mkono ili aitazame bila kuachia usukani. Vita Kuu ya Kwanza ikamaliza ubishi: mizinga na mashambulizi yalipangwa kwa dakika, na wanaume waliotoka mahandakini hawakuona tena aibu kuvaa saa kifundoni. Wakati huohuo Mjerumani Hans Wilsdorf, aliyefungua biashara London mwaka 1905 na kusajili jina la Rolex mwaka 1908, alishikilia kwamba mashine ndogo ya mkononi inaweza kwenda sawasawa na ile kubwa ya mfukoni. Mwaka 1914 saa yake moja ilipewa cheti cha daraja A na kituo cha Kew, Uingereza, baada ya kupimwa siku 45 katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto. Kipimo hicho kina uzito katika hoja yangu. Saa ya mfukoni husimama wima mchana kutwa; ya mkono hulazwa mezani, hupinduliwa, huning'inia, hupata joto la mwili na baridi ya nje. Kuipima katika mikao mitano ni kuipima kwa maisha itakayoishi.

Baada ya usahihi, tatizo kubwa likawa maji na vumbi. Mwaka 1926 Rolex ilitoa Oyster, kasha ambalo mgongo, fremu ya kioo na kichwa cha kujazia vyote vilikazwa kwa skurubu. Oktoba 1927 Mwingereza Mercedes Gleitze aliogelea katika mlangobahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa kwa zaidi ya saa 10, Oyster ikiwa shingoni. Baridi ilimshinda asifike, lakini saa iliendelea kwenda, na mwezi uliofuata Wilsdorf akalipia tangazo kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail. Lilikuwa tangazo la biashara, naam, ila lilikuwa na ahadi ya aina mpya: saa nzuri haina haja ya kuvuliwa. Kilichobaki ni udhaifu wa mwenye saa. Kichwa cha skurubu kiliilinda mashine kwa sharti kwamba kila siku, baada ya kuijaza, mtu akumbuke kukikaza tena, na watu husahau. Fundi Mwingereza John Harwood alikuwa tayari amepewa hataza ya saa ya mkono inayojijaza. Mwaka 1931 Rolex ikatoa Perpetual, yenye kipande kizito cha chuma kinachozunguka duara zima kila mkono unapocheza na kuikaza kamani. Mashine hiyo haielezeki bila mvaaji. Ukiiweka kabatini, baada ya siku mbili au tatu inasimama. Leo kuna visanduku vya umeme vya kuzungusha saa ndani ya sefu, vimebuniwa viigize mwendo wa mkono wa mwanadamu, na sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo juu ya mahali ambapo saa hizo zilikusudiwa kukaa.

Kuhusu mapigo, inafaa kutazama kwa karibu. Mhimili wa gurudumu la mizani una ncha mbili nyembamba karibu sawa na unywele, kila moja ikikaa katika tundu la yakuti ya kutengenezwa. Zamani saa ikigonga mwimo wa mlango, ncha ilivunjika, na hapo ni kwa fundi moja kwa moja. Mfumo wa Incabloc wa miaka ya 1930 uliilaza yakuti juu ya kiti chenye mteremko, ukaishika kwa springi ndogo yenye umbo la kinubi. Pigo likija, yakuti inateleza pamoja na mhimili, sehemu nene ya mhimili inaegemea chuma na kupokea uzito, kisha springi inarudisha kila kitu mahali pake. Haya hufanyika ndani ya nafasi ndogo kuliko punje ya mchele, bila mvaaji kuhisi. Hakuna fundi ambaye angejisumbua hivyo kwa ajili ya kitu cha kulala kwenye mahameli.

Pingamizi zito linatoka Tokyo. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko ilianza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi kuingia sokoni, kwa yen 450,000, bei iliyokaribia ya gari dogo. Yaani kwa muda mfupi saa ya betri ndiyo iliyokuwa anasa. Bei ikaporomoka, na sekta ya saa Uswisi, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 90,000 mwaka 1970, katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa imebaki na karibu theluthi yao. Mwaka 1975, wamiliki wa Zenith kutoka Marekani walipoamua kuachana na saa za kimakanika, Charles Vermot, fundi wa kiwanda hicho huko Le Locle, alizificha darini zana za kutengenezea mashine ya El Primero. Zilikuja kuhitajika tena miaka ya 1980, na mashine hiyo ndiyo iliyofanyiwa marekebisho na kuwekwa ndani ya Daytona ya Rolex iliyotoka 1988. Wapo wanaosema kwamba hapo ndipo saa ya kimakanika ilipokufa kama chombo na kufufuka kama kito, kwa hiyo sheria za zamani haziihusu tena. Sikubali. Itazame Royal Oak ya Audemars Piguet, iliyochorwa na Gérald Genta na kuonyeshwa Basel mwaka 1972. Ilikuwa ya chuma, na iliuzwa ghali kuliko saa nyingi za dhahabu, kwa sababu nyuso zake zilipigwa msasa na kingo zake kung'arishwa kwa kazi ya mkono inayokula saa nyingi. Kwa nini chuma? Dhahabu ni laini, hukwaruzika upesi, nayo ilizoeleka kwa nguo za jioni. Chuma huvumilia ofisini, garini na ufukweni. Hata anasa ilipoanza kujitafutia sura mpya, iliomba ruhusa ya kuvaliwa mchana kutwa.

Simu inataja wakati kwa usahihi zaidi. Hilo halina ubishi. Taasisi ya Uswisi inayotoa vyeti vya kronomita, COSC, inaruhusu wastani wa kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6 kwa siku, na saa ya betri ya bei ndogo inashinda hapo bila jasho. Anayetaka tu saa imara inayojijaza anaweza pia kuchukua Seiko 5, iliyoanza 1963 na inayojulikana vizuri Afrika Mashariki. Itamtumikia miaka mingi kwa sehemu ndogo sana ya bei. Tofauti inayolipiwa ni umaliziaji wa mkono na uwezo wa kutengenezeka. Saa ya miaka ya 1950 inafunguka leo mbele ya fundi mwenye vifaa na ikarudi kazini, hata kama kipuri itabidi kichongwe upya. Ufundi huo uliingizwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi usioshikika, kwa ombi la Uswisi na Ufaransa, nao hauwezi kuendelea kuishi kwa saa zisizofunguliwa kamwe.

Je, kuvaa hakushushi thamani? Kwa saa nyingi, mikwaruzo hupunguza bei, na anayenunua ili auze afuate njia yake. Lakini soko lenyewe halisemi kwa sauti moja. Daytona ambayo mwigizaji Paul Newman alipewa na mkewe Joanne Woodward, iliyochongwa mgongoni maneno ya kumsihi aendeshe kwa uangalifu, alikuwa akiivaa, baadaye akampa rafiki wa binti yake, naye akaivaa miaka. Oktoba 2017 ilinadiwa New York kwa zaidi ya dola milioni 17. Jina la Newman lilifanya kazi kubwa hapo, sikatai. Basi zitazame saa za Rolex zenye nembo ya jambia usoni, zilizoagizwa na Sultan Qaboos wa Oman miaka ya 1970 na kutunukiwa watu waliomtumikia, wakiwemo askari wa Uingereza wa vita vya Dhofar. Wengi wao hawajulikani kwa umma, na bado wakusanyaji wanazigombania, kwa sababu zina historia ya mtu. Wizi ni suala jingine, na ni la kweli. Kuvaa kila siku hakumlazimishi mtu kuvaa kila mahali. Mkono wa shati unatosha kuificha, na penye hatari ibaki nyumbani.

Kwa hiyo kama unayo, bandua plastiki uivae. Kabla hujaingia nayo baharini, mpelekee fundi apime kama mipira ya kuzuia maji bado ni mizima, kwa sababu huchakaa hata kama kasha linang'aa. Mafuta ya ndani nayo hukauka, ivaliwe isivaliwe, basi ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka kadhaa. Na siku hiyo mwambie fundi asiing'arishe kasha: kila anapoisugua anaondoa chuma na kulainisha kingo, na kingo zikishapotea hazirudi.