Betri Chini ya Kiti

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa mwaka 1859 na Mfaransa Gaston Planté. Mwaka 1881 Camille Faure, naye Mfaransa, aliongeza uwezo wake kwa kupaka bamba zake uji mzito wa oksidi ya risasi. Magari ya kwanza ya petroli hayakuitegemea sana. Dereva alisimama mbele ya gari, akazungusha hendeli kwa mkono, na injini ilipowaka kabla ya wakati wake hendeli ilirudi kwa kasi na kuweza kuvunja mkono huo. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ilitoa gari lenye stata ya umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na kadiri hendeli ilivyotoweka, gari lenye betri iliyokufa likawa gari lisilokwenda.

Stata hula mamia ya ampea kwa muda mfupi. Katika magari ya zamani yaliyotumia volti 6, mkondo uliohitajika ulikuwa mara mbili ya ule wa volti 12 kwa kazi ileile, kwa hiyo waya ulipaswa kuwa mnene na mfupi. Wahandisi waliitafutia betri mahali karibu na stata, chini, kwenye chuma imara cha chesesi. Wa kuichaji hakuwa katika hesabu. Ford Model A, iliyoanza kuuzwa Desemba 1927, iliweka betri yake chini ya mbao za sakafu, miguuni pa dereva. Kuifikia kulitaka zulia liondolewe na ubao ung'olewe.

Hilo halikuwaudhi watu sana wakati ule, kwa kuwa ilikuwa kawaida betri kutolewa garini na kupelekwa gereji. Umeme wa ukutani hubadili mwelekeo kila mara, ilhali betri hupokea umeme unaokwenda upande mmoja tu. Ili kuugeuza, gereji kubwa zilikuwa na mota iliyozungusha dainamo; kuanzia miaka ya 1910 nyingi zikanunua Tungar, kifaa cha General Electric chenye balbu kubwa ya kioo iliyoruhusu umeme kupita upande mmoja. Betri zilipangwa rafuni, ya kwanza ikafungwa kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, zikachajiwa polepole usiku kucha au zaidi. Nchini Marekani mteja aliweza kuazimwa betri nyingine kwa kodi ndogo akisubiri yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mafundi walikutana na maficho mengine. Volkswagen ya mgongo wa duara, gari lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1962, ina injini nyuma na betri chini ya kiti cha abiria wa nyuma, upande wa kulia. Kwa uzito na urefu wa waya uamuzi huo ni mzuri. Hatari yake ni springi za kiti: mfuniko wa betri ukipotea na watu wazito wakakaa, chuma cha springi kinaweza kugusa ncha za betri na kuwasha moto kwenye nyuzi zilizojaza kiti. Asidi iliyomwagika wakati wa kuongeza maji nayo ilikula sakafu, na wengi walionunua magari hayo yakiwa yamechakaa walikuta tundu mahali pa betri.

Waingereza nao hawakubaki nyuma. Katika Mini ya mwaka 1959 mbunifu wake, Alec Issigonis, alilaza injini kwa upana ili watu wanne wapate nafasi ndani ya gari dogo. Mbele pakajaa, betri ikahamia shimoni chini ya sakafu ya buti, na waya mrefu ukapita chini ya gari hadi kwa stata. MGB ya mwaka 1962 ilizidi: betri mbili za volti 6 nyuma ya viti, chini ya zulia na kifuniko cha bati. Betri za namna hiyo zilisahaulika, na betri ya maji iliyosahaulika hukauka.

Kufichika huko kuna hatari yake katika kuchaji. Volti ikikaribia 14.4 katika betri ya volti 12, maji huanza kugawanyika kuwa oksijeni na haidrojeni. Haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Chini ya boneti iliyo wazi gesi hupanda na kutawanyika. Ndani ya buti au chini ya kiti hujikusanya. Ndiyo sababu betri za ndani ya gari hufungwa kimrija cha kutoa gesi nje, na ndiyo sababu Mazda MX-5 ya mwaka 1989, yenye betri kwenye buti, ilipewa betri iliyozibwa isiyomwaga asidi. BMW ilipeleka betri nyuma katika magari yake mengi ili uzito wa mbele na wa nyuma ulingane. Nyuma kuna faida nyingine: joto la injini haliifikii, na joto huua betri upesi kuliko baridi.

Chrysler ilikwenda mbali zaidi miaka ya 1990. Katika Dodge Stratus na ndugu zake betri iko mbele ya gurudumu la kushoto, na kuitoa kwa kawaida huanza na kuvua tairi. Waliotengeneza gari walijua hakuna atakayevua tairi kandokando ya barabara ili kubusti, kwa hiyo waliacha ncha za kuunganishia waya chini ya boneti. Suluhisho hilo ndilo lililoenea: betri hubaki ilipo, ncha zake hutolewa mahali pa wazi. Chaja hufungwa kwenye ncha chanya iliyotolewa, na upande hasi kwenye chuma cha injini au bodi. Kwenye magari yenye kihisi cha mkondo juu ya ncha hasi ya betri, utaratibu huo ni lazima, kwani chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye ncha hiyo hukikwepa kihisi, na kompyuta haijui kuwa betri imejaa.

Toyota Prius ya mwaka 2003 ina betri ya volti 12 kwenye kona ya buti, na mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, mlango haufunguki. Mlango wa dereva hufunguliwa kwa ufunguo wa chuma, boneti kwa waya wa kuvuta, na ndani ya sanduku la fyuzi kuna ncha chanya yenye kifuniko chekundu. Betri hiyo haizungushi injini, huamsha kompyuta tu, hivyo umeme kidogo unatosha. Tesla Model 3 za mwanzo, zilizotoka mwaka 2017, zina betri ndogo chini ya boneti ambayo nayo hufunguliwa kwa umeme. Nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa ya mbele kuna nyaya mbili za kuunganishwa na betri ya nje. Nyaya hizo hufungua komeo la boneti tu. Betri yenyewe haichajiwi kwa njia hiyo.