Michezo ya Kuhifadhiwa Daima: Orodha Tatu na Swali Moja

Mnamo Machi 2007, katika mkutano wa watengenezaji wa michezo ya kompyuta uliofanyika San Francisco, Marekani, mkutubi Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford alitangaza orodha ya michezo kumi ambayo yeye na wenzake wanne waliiona kuwa inastahili kuhifadhiwa daima. Walifuata mfano wa filamu, ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani imekuwa ikizichagua kila mwaka tangu 1989. Mkongwe wa orodha hiyo ulikuwa Spacewar!, uliobuniwa mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT. Hakuna uliokuwa umeanza baada ya 1994. Mwaka 2012 jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, likaingiza michezo 14 katika hazina yake, na mwaka 2015 jumba la makumbusho la The Strong, mjini Rochester, likaanza kuteua michezo michache kila mwaka. Orodha zote tatu zinakutana katika Tetris, mchezo wa Mrusi Alexey Pajitnov, ingawa hata hapo hazikubaliani: ya kwanza inautaja kuwa wa 1985, ya MoMA inasema 1984.

Hatuna ugomvi na waliochagua. Ni watu wanaoijua kazi yao, na Tetris nasi tungeuchagua. Ila kigezo chao kikuu ni ubunifu: nani alitangulia kufanya jambo ambalo wengine waliliiga. Kigezo hicho humtazama mtengenezaji, tena mtengenezaji wa Marekani, Japani au Ulaya. Mchezaji hamtazami sana, wala hakiulizi mashine yenyewe imeundwa kwa madini ya wapi. Kwa anayeisoma historia hii akiwa Bunia, maswali hayo mawili ndiyo ya kwanza.

Kabla ya kuyajibu, yafaa tuutazame mchezo ambao umedumu bila kusubiri orodha. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane na kete 64, ambazo pwani aghalabu ni mbegu za mkomwe. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akiziingiza mojamoja katika awamu ya kunamua. Zikiisha, huingia awamu ya mtaji. Asiyepata cha kula hutakata. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba kanuni za mchezo zimehifadhiwa ndani ya msamiati wake: anayefundishwa neno amefundishwa tendo. Ndiyo maana Alexander de Voogt, aliyewasilisha tasnifu yake huko Leiden mwaka 1995, aliwaendea mabingwa wenyewe wa Zanzibar. Kwa upande wetu wa bara, Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 uchunguzi wa michezo ya jamii hiyo katika Zaire ya wakati huo, Rwanda na Burundi.

Kinyume chake kipo London. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza imo sanamu ya mti ya mfalme Shyaam wa Wakuba, wa Kasai, ambayo Emil Torday aliipeleka huko mwaka 1909. Mbele ya mfalme kumechongwa ubao wa mchezo wa mashimo, alama ya utawala wake. Ubao umehifadhika vizuri sana. Lakini haumwambii mtazamaji kete ya kwanza husogezwa vipi.

Michezo ya kompyuta iko karibu zaidi na ubao huo kuliko tunavyodhani. Diski ikiwa nzima na mashine imekufa, mchezo haupo. Njia mojawapo ni kuitengeneza mashine, kama walivyofanya mafundi wa jumba la historia ya kompyuta huko Mountain View, California, ambako Spacewar! huchezwa juu ya mashine ya aina ileile ya miaka ya 1960. Njia nyingine ni kuandika programu inayojifanya kuwa mashine ya zamani. Hapo sheria za hakimiliki huingilia kati. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2023 na wakfu mmoja wa historia ya michezo ya video wa Marekani ulionyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya 2010 haipatikani tena madukani; na Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo ilikataa kuwaruhusu watafiti waitumie michezo ya maktaba wakiwa mbali. Mtafiti wa Ituri, basi, hana budi kupanda ndege.

Tukirudi kwenye uchaguzi, mchezo ambao sisi tungeutanguliza haumo katika orodha hizo tatu. Ni Phone Story, uliotolewa Septemba 2011 na Paolo Pedercini kwa jina la Molleindustria. Ni mchezo mdogo, na kwa ufundi haushangazi. Katika sehemu yake ya kwanza mchezaji huwaongoza askari wanaowalazimisha watoto wa Kongo kuchimba koltani; akilegea, hushindwa. Baadaye hupelekwa kwenye kiwanda huko China, kwenye foleni ya wanunuzi, na mwishowe kwenye jalala la vifaa vilivyotupwa. Yote hayo huchezwa juu ya simu ileile inayosimuliwa. Kampuni ya Apple iliuondoa katika duka lake muda mfupi tu baada ya kutangazwa, ingawa ulibaki kupatikana kwa simu za Android.

Tunafahamu pingamizi: mchezo huo umeundwa na mgeni, na watoto wake hawana majina wala lugha. Ni kweli. Hata hivyo, bei ya tantali ilipopanda ghafla mwishoni mwa mwaka 2000, simu, kompyuta na mashine za michezo zote zikiihitaji, waliochimba Kivu hawakuandikwa katika historia ya mchezo wowote. Phone Story unawataja, japo kwa mbali.

Wa pili ungekuwa Aurion, uliotolewa Aprili 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ambao ulimwengu wake umejengwa juu ya visasili vya Kiafrika. Wa tatu ni mpira. Orodha ya 2007 ina Sensible World of Soccer wa 1994, lakini vijana wa miji yetu waliujua mpira wa PlayStation, wakiucheza kwa zamu na kwa malipo, jenereta ikinguruma nje. Diski zake wengine watazitunza. Kisichotunzwa ni maneno: jinsi wachezaji wanavyomkejeli aliyefungwa kwa Kiswahili cha Bunia, vitenzi vya Kifaransa vikivalishwa viambishi vyetu, na watazamaji wakitangaza mechi kana kwamba wako redioni. Kwa kazi hiyo kinasa sauti kimoja na wanafunzi wawili wa isimu wanatosha kuanzia muhula huu.