Kiinimacho Jukwaani

Kiswahili kimeyatenga mambo mawili ambayo Kiingereza na Kifaransa huyatia katika neno moja. Uchawi ni jambo moja, mazingaombwe ni jambo jingine. Mchawi haalikwi, mtu wa mazingaombwe huitwa mchana kweupe, akalipwa ujira wake, na watoto wakapewa nafasi ya mbele. Alifanyalo tunaliita kiinimacho, neno ambalo ndani yake limo jicho, kana kwamba waliolitumia mwanzo walikwisha kutambua kuwa kinachogeuzwa si kile kitu kilichoko mezani bali ni macho ya anayekitazama. Tofauti hii si ndogo. Katika historia ya tamthilia ya kisasa yapo mahali ilipoheshimiwa, na yapo mahali ilipovunjwa kwa makusudi.

Wahakiki wa tamthilia aghalabu huwapita watu wa mazingaombwe kwa haraka, kama mtu apitaye kando ya ngoma ya sokoni akielekea msikitini. Huwataja waandishi, huwataja waongozaji, wakanyamaza. Hata hivyo, giza linalotanda ukumbini kabla ya pazia kufunguliwa, na mwigizaji anayeibuka pasipo mlango, ni mambo ambayo mafundi hao waliyafanyia kazi kwa bidii wakati jukwaa kubwa lilikuwa bado likijivunia mapazia yaliyopakwa rangi.

Wa kuanza naye ni Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyezaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805, na ambaye kazi yake ya awali ilikuwa utengenezaji wa saa. Mwaka 1845 alifungua ukumbi mdogo katika Palais-Royal, jijini Paris. Waliomtangulia walizoea kuvaa majoho na kusimama nyuma ya meza zilizofunikwa vitambaa hadi chini, na kila mtu alijua kuwa chini ya kitambaa pana jambo. Yeye alitupa joho, akavaa suti ya jioni sawa na ya wageni wake, akaweka meza nyepesi ambazo miguu yake yote inaonekana. Baadaye aliandika kwamba mfanya mazingaombwe ni mwigizaji anayeigiza nafasi ya mchawi. Kauli hiyo, nadhani, ni ya nadharia ya tamthilia kuliko ya ufundi wa karata. Mwigizaji wa Hamlet hatudai kwamba atuthibitishie kuwa yeye ni mwana wa mfalme. Na hadhira ya Palais-Royal haikumdai Robert-Houdin majini. Palikuwa na mkataba kati yao: mimi nitakudanganya, na wewe umekuja ili udanganywe.

Ndipo likaja jambo la Algiers. Mwaka 1856 watawala wa Kifaransa walimpeleka Robert-Houdin Algeria. Nia yao ilikuwa kwamba awaonyeshe wakuu wa makabila ya huko kuwa Wafaransa wana nguvu zipitazo za mashekhe wao, ambao ushawishi wao uliwatia watawala hofu. Miongoni mwa vitu alivyochukua ni sanduku dogo lenye bamba la chuma chini yake. Chini ya jukwaa iliwekwa sumaku ya umeme. Umeme ukikatwa, mtoto aliweza kulinyanyua sanduku, ukiwashwa, haliondoki. Paris alikuwa amekwisha kulionyesha sanduku hilo kama mchezo. Algiers alimwita mtu mwenye misuli, akamwambia kwamba atamwondolea nguvu zake na kumfanya dhaifu kama mwanamke. Yule mtu akavuta, akashindwa. Kisha umeme ukapitishwa katika mpini, akapiga kelele na kukimbia. Siku hizo pia Robert-Houdin alipigwa risasi iliyotiwa alama, akaidaka kwa tufaha lililochomekwa kwenye ncha ya kisu.

Sanduku ni lile lile, na sumaku ni ile ile. Kilichobadilika ni maneno, na pamoja na maneno, mkataba. Watazamaji wa Paris walijua kuwa wako ukumbini. Wale wa Algiers walitakiwa wasijue. Inafaa kuongeza kwamba habari hizi kwa sehemu kubwa tunazipata katika kumbukumbu za Robert-Houdin mwenyewe, na mwigizaji anaposimulia makofi aliyopigiwa, msikilizaji na apunguze kidogo. Yeye mwenyewe anaeleza kuwa baadaye wakalimani walitakiwa kuwafahamisha watu kwamba yote yale yalikuwa ufundi tu. Na ikiwa kweli sanduku liliwatisha wakuu wale, halikuitosheleza serikali iliyolipeleka: mwaka uliofuata, 1857, majeshi ya Jemadari Randon yaliingia Kabylia kwa mizinga, na Lalla Fatma N'Soumer, mwanamke aliyeongoza upinzani huko, akatekwa.

Miaka sita baada ya Algiers, mkesha wa Krismasi wa 1862, katika taasisi ya sayansi iitwayo Royal Polytechnic, jijini London, John Henry Pepper alionyesha mzuka. Hadithi ilikuwa ya Charles Dickens, kuhusu mtu anayeandamwa na kivuli chake. Wazo la awali lilikuwa la mhandisi Henry Dircks, aliyelieleza mwaka 1858, lakini ukumbi alioutaka ulipaswa kujengwa upya; Pepper ndiye aliyetambua kwamba kioo kikiinamishwa, ukumbi wowote utafaa. (Kisha jina la Pepper ndilo lililobaki, na Dircks akaandika kitabu kizima kulalamika.) Ufundi wenyewe ni mwepesi kuuelewa. Mwigizaji mmoja hufichwa katika shimo mbele ya jukwaa, akimulikwa kwa taa kali. Kioo kikubwa kisichoonekana huinamishwa kuelekea hadhira, na taswira yake huonekana kama mtu mweupe, anayepitisha mwanga, amesimama karibu na mwigizaji aliye hai. Taa ikipunguzwa, mzuka huyeyuka.

Ila tuyatazame masharti ya kioo hicho. Ukumbi sharti uwe na giza, la sivyo kioo kitawaonyesha watazamaji sura zao wenyewe. Mtazamaji sharti atulie mahali pake. Na mwigizaji aliye jukwaani hauoni mzuka kabisa, kwa kuwa taswira humwendea mtazamaji tu. Hutetemeka mbele ya hewa tupu na kuuchoma kwa upanga mahali alipokariri kwa hesabu ya hatua. Waigizaji wa sinema za leo, wanaopigana na majoka yatakayochorwa baadaye na kompyuta, wanafanya kazi ile ile.

Sisemi kwamba Richard Wagner alijifunza kwa Pepper. Lakini mwaka 1876, huko Bayreuth, alipoizima mwangaza hadhira yake na kuwaficha wapiga muziki chini ya jukwaa, aliwawekea watu masharti yale yale, katika zama ambazo wengi walikwenda kwenye tamthilia ili waonane mavazi.

Deni lililo wazi zaidi liko Moscow. Katika miaka ya 1880, jijini Berlin, Mjerumani Max Auzinger, aliyejipachika jina la Ben Ali Bey (jina la Kiarabu lilikuwa na soko!), alitandika jukwaa zima mahameli nyeusi. Kitu kilichofunikwa kwa mahameli nyeusi mbele ya mahameli nyeusi hakionekani, kikifunuliwa, huzuka. Mwaka 1907 Konstantin Stanislavski, ambaye dunia inamkumbuka kama mwalimu wa uhalisi, aliitumia mahameli hiyo katika tamthilia ya Leonid Andreyev iitwayo Maisha ya Mwanadamu. Vyumba havikujengwa kwa mbao. Milango na madirisha yalichorwa kwa kamba juu ya weusi mtupu, na watu wakatokea gizani na kurudi gizani. Kilichokuwa kichekesho cha Berlin kikawa lugha ya kusemea mauti. Hapo ndipo naona mazingaombwe yalipovuka na kuwa sanaa ya tamthilia kwa ukamilifu: si kwa sababu hila ilikuwa kubwa zaidi, bali kwa sababu ilipata jambo la kusema.

Bertolt Brecht alikuja akakataa yote hayo. Alitaka taa zionekane, pazia liwe fupi, na mtazamaji asisahau hata dakika moja kwamba yuko ukumbini. Namwelewa, hasa nikilikumbuka lile sanduku la Algiers.

Na msomaji wa pwani hapa atakuwa amekwisha kumfikiria Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, ambaye baadaye alisoma Berlin Mashariki. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, yaani inahusu watu walioambiwa kwamba maji yatawakinga na risasi, na mtu anayeziona kauli zake zikimponyoka na kwenda zitakako. Ndani yake limo tukio ambalo Pepper angelitengenezea kioo: Kinjeketile anaingia majini, anapotea, na siku ya pili anatoka. Hussein hakuhitaji kioo wala mahameli. Yahitajika tu mwigizaji aliyevaa nguo kavu, na wenzake wanaomgusa wakastaajabu.