Mpako wa Kioo: Istilahi ya Ufinyanzi wa Uajemi katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Mpako wa kioo ni tabaka jembamba linaloyeyushwa kwa moto juu ya chombo cha udongo au kigae mpaka likagandamana nacho, na katika makala haya jina hilo linapendekezwa kwa kitu ambacho Waingereza hukiita glaze na Waajemi hukiita lo'ab. Kwa Kiswahili kitu hicho huelezwa mara kwa neno rangi, mara kwa neno mng'ao, na mara nyingine chombo kizima hutiwa katika fungu la kauri bila kuulizwa kimetengenezwa kwa nini. Rangi haitoshelezi, kwa kuwa hupakwa na kukauka bila kuyeyuka, na mpako wa kioo unaweza hata kukosa rangi kabisa. Mng'ao nao hupatikana kwa njia nyingine, kwani mfinyanzi asiyejua kioo hukisugua chombo kibichi kwa kokoto laini kabla ya kukichoma, nacho hutoka kikimeta huku kikiendelea kupitisha maji.

Kiini cha mpako huo ni silika, yaani madini ya mchanga mweupe, ambayo peke yake hayayeyuki mpaka joto likaribie nyuzi 1,700 za sentigredi, joto ambalo joko la kale halikuweza kulifikia. Kwa sababu hiyo mafundi wa Mesopotamia na Uajemi walichanganya silika na kitu cha kuilainisha, ama majivu ya mimea ya nyikani yenye alkali nyingi, ama risasi, na mchanganyiko huo ukayeyuka kwenye nyuzi 1,000 hivi. Uchaguzi kati ya majivu na risasi ndio ulioamua pia rangi: shaba ikitiwa katika kioo cha majivu hutoa feruzi, lakini shaba hiyohiyo ikitiwa katika kioo cha risasi hutoa kijani. Kobalti hutoa buluu, manganizi hutoa zambarau, na bati hukifanya kioo kiwe cheupe kisichopitisha nuru, hila ambayo wafinyanzi wa Basra waliitumia katika karne ya 9 ili vyombo vyao vya udongo wa manjano vifanane na kauri nyeupe iliyokuwa ikiletwa kutoka Uchina.

Haja ya istilahi hii inaonekana wazi Kwale, kwa sababu jina la Kwale lenyewe ni istilahi ya ufinyanzi. Robert Soper alichimba katika eneo hilo, na mwaka 1967 akachapisha taarifa ya vyungu vya karne ya 3 hivi, vyenye midomo iliyokatwa kwa mshazari na mistari iliyochorwa udongo ukiwa mbichi. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, hata vikipatikana Tanzania, huitwa ufinyanzi wa Kwale. Vyungu hivyo havina mpako wa kioo, wala haifai kulihesabu jambo hilo kuwa upungufu. Mtungi usio na kioo hutoa jasho kupitia vitundu vidogo vya udongo wake, jasho hilo hukauka kwa upepo, na maji yaliyobaki ndani hupoa. Ukipakwa kioo nje na ndani, faida hiyo yote hupotea. Kinachopatikana badala yake ni chombo kisichonywa mafuta wala asali, nacho husafishika upesi, na hiyo ni sifa inayofaa kwa safari ya baharini.

Vyombo vya namna hiyo yenye kioo ndivyo vilivyofika pwani. Katika matabaka ya chini ya Shanga na Manda katika visiwa vya Lamu, na ya Unguja Ukuu, wachimbaji wamekuta vipande vya mitungi mikubwa yenye kioo cha feruzi, iliyofinyangwa kusini mwa Iraki na kusini-magharibi mwa Uajemi, na kusafirishwa katika karne ya 8 hadi ya 10 kupitia bandari za Ghuba, Siraf ikiwa mashuhuri kati yake. Baadaye, katika karne ya 11 na ya 12, vilifuata vyombo vya mkwaruzo, ambavyo fundi alivipaka kwanza udongo mweupe, akaukwaruza mpaka udongo mwekundu wa chini ukatokea kama mchoro, kisha akavifunika kwa kioo cha risasi. Huko Diani, Msikiti wa Kongo uliopo penye mlango wa mto Mwachema huitwa na baadhi ya watu Msikiti wa Waajemi, na jina hilo lina uzito wake katika kumbukumbu za nasaba za Washirazi. Hata hivyo ni vyema kukumbuka kwamba kipande cha mtungi ni ushahidi wa biashara, si wa damu.

Neno kauri ndilo linaloleta mkanganyiko mkubwa zaidi. Katika Kiswahili ni jina la kombe dogo linalong'aa na pia la chombo cha Kichina, na kwa bahati ya kupendeza Waitalia nao walikiita chombo hicho porcellana, jina lao la kombe hilohilo. Ni jina zuri, lakini lina mwili wake maalumu: udongo mweupe wa kaolini uliochomwa kwenye nyuzi 1,300 hivi mpaka mwili wenyewe ukakaribia kuwa kioo. Uajemi haukutengeneza chombo hicho. Abu'l-Qasim wa Kashan, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, aliandika mwaka 1301 kwamba mwili wa vyombo vyao ulikuwa sehemu 10 za mawe ya kwatzi yaliyosagwa, sehemu 1 ya kioo kilichosagwa na sehemu 1 ya udongo mweupe. Kuviita vyombo hivyo kauri ni kuwanyang'anya mafundi wa Kashan ufundi wao, na mwandishi wa maelezo ya jumba la makumbusho hana sababu ya kufanya hivyo.

Mji huo wa Kashan ndio uliowapa Waajemi neno kashi, yaani kigae cha ukutani chenye mpako wa kioo. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331 na kuona misikiti ya mbao, alieleza kuta za Najaf kwa kuwaambia wasomaji wake wa Maghribi kwamba qashani ni kama zalij ya kwao, ila rangi zake zinang'aa zaidi. Alifanya kazi ya istilahi kwa kumpa msomaji kitu anachokijua. Kiswahili kina neno kigae, ambalo lilimaanisha kipande cha chungu kilichovunjika kabla ya kuwa pia jina la kifuniko cha paa, sakafu au ukuta. Mwandishi wa mambo ya kale atalazimika kusema kigae cha chungu au kigae cha ukuta, ingawa pwani kigae cha ukuta hakikuwa desturi. Fundi wa Isfahan aliufunika ukuta mzima kwa vigae vya rangi, ilhali fundi wa pwani aliuacha ukuta wa matumbawe katika weupe wa chokaa, akapachika bakuli moja moja: katika kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa, katika kaburi la mnara la Mambrui, na katika kaburi la namna hiyo kisiwani Wasini. Mbinu hiyo haikuwa uigaji hafifu wa Uajemi. Ni sanaa yenye kanuni zake, inayoupa mwanga mahali pamoja pa kutua.

Inawezekana kupinga kwamba kioo humaanisha pia kitu cha kujitazamia, lakini hakuna anayeweza kulielewa hivyo neno hilo likitanguliwa na mpako. Faida yake hasa huonekana katika istilahi zinazozaliwa nalo. Buluu ya kobalti katika vyombo vya Uajemi vya karne ya 17 vilivyoigiza kauri ya Kichina, ambavyo vipande vyake vimechimbuliwa ndani ya Ngome ya Yesu, ni nakshi ya chini ya kioo, kwa sababu ilichorwa juu ya mwili kwanza, kioo kikafuata. Nakshi ya mmeto ya Kashan ni ya juu ya kioo: chombo kilichokwisha kupakwa na kuchomwa kilichorwa tena kwa fedha na shaba, kikarudishwa katika joko lenye moshi na hewa kidogo, mpaka madini yakaacha juu yake utando unaometa kama dhahabu. Maelezo hayo hayawezi kuandikwa kwa neno mng'ao, kwa kuwa hakuna fundi anayeweza kuchora chini ya mng'ao.