Ubungo: steji ilihama, abiria akaachwa

Kama ulipanda basi la Nairobi hadi Dar kabla ya 2021, Ubungo unaijua. Unashuka macho mekundu, begi begani, watu wa teksi washaanza kukugombania.

Mei 2016 mwendokasi ikaanza, kama kilomita 21 za njia yake, na kituo kimoja kikawekwa hapo hapo karibu na stendi. Fikiria hiyo: unatoka basi la mkoani, unatembea hatua chache, unapanda lingine linalokupeleka hadi Kivukoni huku jamu ya Barabara ya Morogoro unaiangalia tu dirishani. Kituo cha kuunganisha safari ni hicho, wasee. Paa na vigae ni mapambo.

Haikufika miaka 5. Februari 2021 Magufuli alifungua barabara za juu za ngazi tatu Ubungo, pia stendi mpya kule Mbezi Luis, yenye jina lake. Barabara za juu sibishi, makutano yale yalikuwa balaa. Lakini mabasi ya mikoani yalienda Mbezi wakati njia ya mwendokasi ilijengwa ikaishia Kimara. Safari mbili zilizokuwa zimekutana zikatenganishwa tena. Na ile ardhi ya stendi? Ni jumba la biashara sasa, maduka zaidi ya 2,000, lilifunguliwa 2025.

Huku Nairobi kila gavana huja na mpango wa kutoa matatu tao. Michoro huwa mizuri sana. Sijawahi kuona mmoja wenye mama aliyebeba gunia la viazi.