Kombi ya Zamani, Injini ya Maji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupanda Kajiado

Volkswagen Kombi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Injini yake iko nyuma na haina rejeta. Hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni. Wazee wa Pwani wanaikumbuka ikipeleka watalii mbugani, paa limeinuliwa. Zilizosalia leo, baadhi zimegeuzwa nyumba za safari, zenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Mwenyewe hutamani kuwapeleka watoto Amboseli, na hapo ndipo suala la injini huzuka.

Kwa nini injini ya zamani huchoka

Kutoka Mombasa hadi mji wa Kajiado ni kupanda, tangu usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Gari hupita vilima vya Salama katikati ya malori, hufika Athi River, kisha hushika barabara ya Namanga kupitia Kitengela na Isinya. Huko juu hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Pwani. Injini ya 1600, ambayo ikiwa mpya ilitoa nguvu za farasi 50 tu, hupungukiwa na nguvu na upozaji kwa wakati mmoja. Oili hulainika, vichwa vya silinda hushika moto, valvu huungua. Isitoshe, gari linalojikokota mlimani huwashawishi walio nyuma kulipita mahali pasipofaa.

Volkswagen wenyewe walilijua hilo. Kombi ya kizazi cha tatu ilipata injini za petroli za kupozwa kwa maji mwishoni mwa 1982. Brazil iliendelea kuunda Kombi ya umbo la zamani hadi Desemba 2013, na kuanzia 2005 ilikuwa na injini ya maji ya 1400, rejeta ikiwa mbele.

Injini ipi

Inayopendwa na wengi ni ya Subaru, EJ20 au EJ22. Pistoni zake zimelala, mbili kila upande, kama za Volkswagen, hivyo huingia katika nafasi ile ile ya chini. EJ20 isiyo na tabo hutoa zaidi ya nguvu za farasi 110, na vipuri vyake vimejaa nchini. EJ25 ina sifa mbaya ya gasketi ya kichwa. Tabo iache: giaboksi la Kombi halitaihimili. Injini yoyote ya mtumba, badilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji na sili kabla haijafungwa, maana baadaye mikono haifiki.

Kazi yenyewe

Giaboksi la Volkswagen hubaki. Linaunganishwa na injini kwa bamba maalumu la chuma na flaiwili iliyochongwa kulingana nalo. Kosa dogo la upimaji hapa huua beringi na klachi, kwa hiyo bamba lisikatwe kwa kukisia. Sampu ya oili hufupishwa isigonge mawe ya barabara za vumbi. Injini inunuliwe pamoja na kompyuta na waya zake zote. Pampu ya petroli iwe ya presha kubwa, pamoja na paipu ya kurudisha petroli tangini.

Maji: hapa ndipo wengi huharibikiwa

Rejeta ikikaa mbele, maji husafiri zaidi ya mita 3 kwenda na vivyo hivyo kurudi. Paipu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na pawe na nati ya kutolea hewa juu kabisa ya rejeta. Hewa ikinaswa, injini huungua ilhali rejeta ni baridi.

Themostati ya Subaru imekaa upande ambao maji baridi huingia kwenye injini. Huhisi joto kupitia maji yanayorudi kutoka kwenye hita. Fundi akiziba paipu za hita kwa kuwa "Pwani hatuhitaji hita", themostati hubaki imefungwa huku injini ikichemka. Wengine huiondoa kabisa. Hapo injini haipati joto lake na kompyuta humwaga petroli kupita kiasi.

Mjini Kajiado maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa hiyo mfuniko wa presha uwe mzima, na tumia kulanti badala ya maji ya bomba, ambayo huleta kutu.

Breki na karatasi

Nguvu ikizidi maradufu, breki nazo zitazamwe. Kombi za kabla ya 1970 zina breki za ngoma mbele. Ziwekwe diski kwanza, injini baadaye.

Namba ya injini imeandikwa kwenye logbuku. Chukua risiti na karatasi za forodha kwa muuzaji, kisha omba NTSA ibadilishe kumbukumbu baada ya ukaguzi. Ijulishe na kampuni ya bima kwa maandishi. Ajali ikitokea na namba hazilingani, familia ndiyo itakayobeba mzigo.

Kuijaribu

Usianze safari ndefu siku ya kwanza. Kwa aliyefungiwa injini upande wa Kitengela, barabara ya kwenda Kajiado na kurudi ni mtihani mzuri. Nenda mchana, gari likiwa na mzigo, geji ya joto mbele yako. Simama Isinya ukague paipu. Sindano ikipanda kila unapopanda kilima, rudi kwa fundi. Usijitie moyo kwamba itazoea.

Na kama fedha hazitoshi kwa rejeta, breki na karatasi, subiri. Injini ya zamani iliyofanyiwa ovahoo vizuri, ikiendeshwa taratibu alfajiri kabla ya jua kali, itakufikisha. Iliyobadilishwa nusu nusu itakulaza njiani na watoto.