Kadi za Padri Busa na maswali ya akili mnemba

Mwaka 1949 Roberto Busa, padri Mjesuiti kutoka Italia, alimwendea Thomas J. Watson, mkuu wa IBM, jijini New York. Alitaka mashine zimsaidie kuorodhesha kila neno katika maandishi ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13. Haiwezekani, aliambiwa. Kwa simulizi yake mwenyewe, padri alichomoa bango la kampuni hiyohiyo, lililojigamba kwamba lisilowezekana huchelewa kidogo tu. Watson akakubali.

Kazi ilichukua takriban miaka 30. Maneno yapatayo milioni 11 yaliingizwa kwenye mashine, mwanzoni kwa kadi ngumu zilizotobolewa matundu. Watobozaji wengi walikuwa wasichana waliofundishwa kazi hiyo mjini Gallarate. Majuzuu 56 yalipotoka, sifa zilimwendea padri. Majina ya wasichana yalikuja kutafutwa na wanahistoria miaka mingi baadaye.

Kwa hiyo Kanisa lilianza kama mteja wa kompyuta. Kuhoji kulifuata. Februari 28, 2020, IBM na Microsoft zilitia saini Wito wa Roma, ulioandaliwa na Akademia ya Kipapa kwa ajili ya Maisha: mifumo ya akili mnemba ieleweke, isibague, na awepo mtu wa kuwajibika. Juni 2024 Papa Fransisko aliwaambia viongozi wa G7 kwamba mashine isiachiwe kamwe uamuzi wa kumuua mtu. Januari 28, 2025, sikukuu ya Thoma yuleyule, Vatican ilitoa waraka Antiqua et Nova, unaosema kwamba akili ya binadamu haitengani na mwili wake wala mahusiano yake.

Mei mwaka huohuo Kadinali Robert Prevost alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Leo XIV. Aliwaeleza makardinali kwamba alimfikiria Leo XIII, ambaye waraka wake wa 1891, Rerum Novarum, ulitetea wafanyakazi wa zama za viwanda. Sasa akili mnemba nayo inagusa utu, haki na kazi.

Hoja hiyo inaigusa Nairobi moja kwa moja. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba vijana walioainisha maandishi ya ukatili huko, ili ChatGPT ifunzwe kuyaepuka, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Wasomi na waendelee kubishana kama mashine yaweza kuwa na roho. Rerum Novarum ilidai ujira unaomtosha mfanyakazi kuishi, na dai hilo linawabana waajiri wa Nairobi kama lilivyowabana wenye viwanda wa Ulaya.